Mbuzi ya Kukunia Nazi Aliyoichora Sidi

Mbaraki,
Mombasa.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa kaka Lennox,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Wifi Beverly naye hajambo? Na mtoto wenu Ashley, je, kile kikohozi kimemwachilia? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila goti langu la kushoto linanigombeza kila nikipanda ngazi za ofisini Kilindini. Nasikia joto la Doha limeshaanza kuwachoma. Poleni sana.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize neno. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ni habari za binti yako Sidi. Ile nafasi ya dukani uliyomtafutia huko, ambayo unataka jibu lake kabla ya mwisho wa mwezi, hajaikataa, na kwa heshima aliyo nayo kwako hataikataa. Lakini mimi naomba umwache abaki hapa.

Unamkumbuka Mzamil, yule seremala wa Mji wa Kale aliyemwajiri. Amebuni mbuzi ya kukunia nazi inayokunjwa, na chuma chake kinachomoka, ukakiosha na kukiweka mbali na watoto. Alitaka kuwaonyesha wapishi wa harusi kabla hajakata hata ubao mmoja. Basi kazi ya Sidi ni kuichora kwenye kompyuta, kila kipande na vipimo vyake, halafu kuvifanya vipande vyenyewe vitembee. Miguu inajikunjua, chuma kinaingia mahali pake, parafujo zinajikaza, na ubao unauona mpaka mistari yake. Kaka, niliduwaa. Sikujua kama nyumbani kwangu analala mtu wa namna hii.

Wiki mbili kabla ya siku ya wapishi alinionyesha. Kila kitu kilikuwa kizuri mpaka ilipofika kwenye kukuna. Kizio cha nazi kilikuwa kinakwenda mbele na kurudi nyuma, kama mtu anayepiga randa. Nilicheka mpaka machozi. Kumbe Mzamil ndiye aliyemweleza mwendo wa mkono, naye tangu azaliwe hajakuna nazi, na Sidi wetu amekulia tui la pakiti. Wapishi wale wangewacheka wote wawili na kwenda zao.

Akanikalisha kwenye mbuzi yangu jikoni. Akanipiga video, mara kwa ubavuni, mara kwa juu, huku akiniuliza kiganja kinageuka kiasi gani, na najuaje pa kuachia kabla sijagusa kifuu. Miaka yote niliyokuna nazi hakuna aliyewahi kuniuliza hayo. Siku nne alirudia kazi yake upya, na hakununa hata mara moja.

Jumatano, siku ya wapishi, niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa Mzamil. Wapishi walikuwa tisa, mkubwa wao Bi Mwanarusi, ambaye hakuna harusi ya maana Mji wa Kale asiyoipikia. Alikuwa amekunja uso tangu anaingia. Picha ikaanza ukutani, miguu ya mbuzi ikajikunjua, mikono miwili ikashika kizio na kukizungusha taratibu, nazi ikawa inadondoka kwenye sinia. Bi Mwanarusi akasogeza kiti mbele.

"Alochora haya ashakuna nazi huyu," akasema. "Haya, itoeni hiyo mbuzi niikalie."

Ikambidi Mzamil amweleze kwamba haijatengenezwa bado. Bibi hakuamini, akainuka akachungulia nyuma ya pazia. Wote tisa wameagiza, na Mzamil sasa anataka makabati na vitanda vyake vichorwe hivyo hivyo. Ameniomba, tena kwa kunishika mkono, Sidi asiende popote.

Sasa nifike kwenye lililo gumu. Mimi ndiye niliyekwambia, mwezi wa Januari, kwamba mtoto anashinda akichezea katuni na muda unampita. Ndipo ukaanza kumhangaikia kazi huko. Nilisema nisilolijua, nikakutia wasiwasi wa bure, na Sidi miezi yote hii ameamini kwamba ni wewe, kwa fikra zako mwenyewe, uliyeidharau kazi yake. Naona aibu, kaka. Nisamehe.

Jana nilimweleza na yeye. Nilitarajia atanikasirikia, au ataniuliza kama utamruhusu abaki. Yeye akaniuliza, "Shangazi, baba ameiona?"

Nikamwomba anipe ile picha ya mbuzi aliyoichora.

Nimeshaituma kwenye simu yako, ni ya dakika mbili tu. Itazame na wifi, halafu umpigie Sidi mwenyewe. Usinipigie mimi.

Nisalimie sana wifi Beverly, na umbusu Ashley kwa niaba yangu. Sidi anawaamkia. Mungu awafunike huko ugenini, awape afya na riziki ya halali, na awarudishe kwetu mkiwa salama.

Ndimi dadako akupendaye,

Cynthia Tsofa