Shina la Yamna na Shina Langu

Tizi Umlil, milima ya Rif
14 Mei 2023

Mdogo wangu Shaib,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima. Mama anaendelea vizuri, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi. Wewe je, kifua kilipona? Hujaandika tangu Idi ya mwaka juzi, nami sikulaumu, kalamu ni nzito kuliko jembe.

Huku bangi tunalima kwa kibali sasa. Ukiona gari la serikali hukimbii tena, unaandaa chai. Lakini lipo jambo linanikosesha raha. Unamkumbuka Yamna, mjane wa upande wa juu wa mfereji? Mashina ya shamba lake yamegeuka rangi, zambarau tupu toka chini hadi kwenye vikonyo. Haddu, mwenyekiti wetu wa ushirika, anasema ni ugonjwa, na maji ya mfereji yatatuletea sisi wa chini. Anataka shamba lote ling'olewe. Tumeitwa mkutano baada ya wiki tatu. Yamna anapalilia tu, kama mtu anayemwosha mgonjwa.

Wewe umekaa na nyanya za Wahispania miaka kumi na moja. Niambie, shina likibadilika rangi lina nini?

Dada yako,
Mamat


Almeria
23 Mei 2023

Dada Mamat,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Kifua kimepona. Mwambie Mama goti alikande kwa mafuta ya zeituni ya moto, na asibishe.

Sasa sikiliza. Ngozi ya shina ni mwongo. Usiku huko kwetu bado ni baridi, na baridi inaweza kulipaka shina zambarau. Mengine yamerithi rangi hiyo kwa mbegu. Ukweli uko ndani. Ng'oa mche mmoja, upasue kwa urefu kuanzia karibu na mizizi. Ukikuta ndani ni peupe na pabichi, mwache Yamna na shamba lake. Ukikuta michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa, huo ni mnyauko unaokaa udongoni. Hauna dawa. Mche hung'olewa na mizizi yake ukachomwa, jembe likaoshwa, na maji yasipite hapo kwenda kwa jirani.

Na usipasue wa Yamna peke yake. Pasua na mche mzima wa shamba jingine, watu waone tofauti kwa macho yao.

Mdogo wako,
Shaib


Tizi Umlil
6 Juni 2023

Shaib wangu,

Tu wazima, Mama anakuombea. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mkutano, kwenye uwanja wa kupuria shayiri.

Nilipotoa kisu Haddu akacheka. "Mamat, tangu lini nyanya za Wahispania zikatufundisha sisi kazi ya babu zetu?"

Nikamwambia, "Babu zako walikuwa wakipasua. Wewe unatazama tu."

Nikapasua mche wa Yamna. Ndani peupe kama jibini mbichi. Nikaupitisha mkono kwa mkono, kila mtu akanusa, akabonyeza. Yamna alikaa chini palepale.

Haddu akasema, "Haya, tuonyeshe huo mzima."

Nilikuwa nimebeba mche wa shamba langu, kutoka ule ukingo wa chini, ngazi ya shamba wanayoisifu wote, shina la kijani, majani mapana. Nikaupasua. Shaib, niliona mstari wa kahawia toka mzizini hadi kiganjani mwangu. Mimi peke yangu niliuona, maana nilikuwa nimeinama. Siku kadhaa nyuma niliona miche michache ikiinamisha vichwa adhuhuri, nikajiambia ni jua.

Ningeweza kufumba mkono. Nilifikiria hivyo, sikufichi. Kisha nikamtazama Yamna, ambaye wiki tatu nzima alionewa kwa rangi ya ngozi ya shina, nikauinua juu.

"Mgonjwa ni huyu," nikasema. "Ni wangu."

Haddu akanong'ona, "Mamat, ushushe, huko nyuma hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

Leo tumeanza kung'oa. Ukingo wote wa chini, na ule unaoufuata. Mkaguzi wa serikali alikuja kushuhudia tukichoma. Moshi ulipopanda Haddu akasema leo hata punda watacheka, nami nikacheka mpaka nikalia.

Dada yako,
Mamat


Almeria
19 Julai 2023

Dada,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Je, ni Mama? Au umenichukia kwa ushauri wangu? Kama ungekaa bila kupasua, pengine ungevuna kitu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka juzi niliona michirizi hiyohiyo kwenye safu yangu ya nyanya. Niliogopa msimamizi atasema ugonjwa nimeuleta mimi, nikanyamaza. Wiki tatu baadaye banda zima la nyanya lilikufa. Watu sita walifukuzwa, wa kwanza akiwa Lahsen, aliyenipa godoro nilipofika nchi hii. Mimi nilibaki. Ndiyo maana niliacha kuandika nyumbani.

Barua yako naibeba mfukoni. Sisi ni wa tumbo moja, dada, lakini wewe uliuinua mkono.

Mdogo wako,
Shaib


Tizi Umlil
27 Agosti 2023

Shaib, mwana wa mama yangu,

Mama mzima. Sikuandika kwa sababu sikuwa na mikono. Wanawake wa ushirika waliniita shamba kwa shamba niwapasulie. Tulikuta ugonjwa kwa watu wawili tu, wote wanatumia maji yaliyopita kwangu. Tukaukata mfereji pale. Kumi na saba waliobaki wamevuna. Yamna amevuna kuliko wote, na anatembea kijijini kidevu juu, mpaka nimemwambia ashushe kidogo.

Mimi mwaka huu sina mavuno. Nimepanda maharage, na miaka kadhaa ukingo ule hautaona bangi. Iliniuma. Bado inaniuma nikipita.

Sikukuchukia. Ila usiniandikie mimi habari za Lahsen. Mimi siye niliyefukuzwa.

Dada yako,
Mamat


Almeria
8 Oktoba 2023

Dada yangu,

Nilikwenda. Lahsen anaishi ghorofa ya nne, anafanya kazi ya kuosha vyombo hotelini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Uliiona siku gani?" Nikamtajia siku. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Siku hiyo ningeweza kuiokoa safu yangu." Kisha akanifungulia mlango nitoke.

Majuma mawili sikulala vizuri. Leo asubuhi simu imelia. Ni yeye. Hakunisalimu. Amesema ana pilipili kwenye makopo roshani, na moja shina linaanza kuwa jeusi, niende nikalitazame.

Nimevaa viatu. Naandika haya haraka, basi linakuja.

Mdogo wako,
Shaib