Namba Hazitoboki

Mama Sekela,

Umekufa. Malaria ilikupanda kichwani, Jumanne ukafa, tukakuzika hapa Matema. Wengine wanasema umelala. Hukulala.

Matanga yameisha, na mpaka jana mdogo wako alikuwa hajarudi kwao. Alikuwa ndani, ameshika jiko. Jana alikaa na wazee wa ukoo, akasema Sekela asirudi chuo. Abaki afinyange vyungu, ashike nafasi yako. Akauliza mimi nani atanipikia, akasema na siku hizi chuo wazazi tunachangia. Wote wakanitazama.

Mdogo wako akamgeukia mtoto. "Huko hasa unasoma nini?"

Sekela akasema anahesabu vitu vidogo kuliko vumbi, vinavyogusana. Jibu kamili halipatikani. Wanaanza na la karibu, wanalisahihisha, wanasahihisha tena. Masahihisho ya kwanza yanasaidia. Ukiendelea yanakuwa makubwa, makubwa zaidi, yanaharibu jibu lote. "Kama mama alivyokuwa anakwangua chungu. Mwanzo kinapendeza. Ukizidisha, kinatoboka."

Mdogo wako akacheka, unamjua anavyocheka. "Haya! Dada alijua pa kuacha. Na wewe acha."

Wazee wakaguna. Nikaona tumeshindwa.

Mtoto hakunyamaza. "Udongo unatoboka, mama mdogo. Namba hazitoboki." Akasema wengi wanaacha pale, yeye haachi. Hata zile namba mbaya, zinazoharibu, zina jibu ndani yake. Kila moja anaigawa kwanza, ya mbele zaidi anaigawa kwa kitu kikubwa zaidi, mpaka zinatulia. Ndipo anajumlisha. Halafu ule ukubwa alioutoa anaurudisha kwenye jumla, wote kwa pamoja. Mara nyingine njia ya kuurudisha inaziba katikati. Hapo ndipo anapohangaika.

Mimi darasa la nne, sikuelewa yote. Lakini aliongea kama wewe ukibishana na wachuuzi wa Malawi pale sokoni Lyulilo. Hapepesi jicho.

Nikasema, "Anarudi chuo."

Mdogo wako akasimama. "Basi pale dada alipokuwa anachimba udongo nampa mwanangu. Huyu asije akadai." Akabeba na vile vipande vyako vya kibuyu vya kukwangulia, akaenda kwao. Sikumzuia. Ningemgusa, tungepigana.

Sijui kama nimekosea. Wewe ungeniambia, hata kwa matusi. Sasa nani?

Leo nimempeleka mtoto Ipinda, kapanda gari. Hakulia. Nililia mimi, barabarani, watu wananiona.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimechemsha ndizi, nimeunguza.

Mke wangu, sikiliza. Nitabeba mizigo ya watu mpaka amalize. Asipopata hilo jibu lake, arudi tu, nitampokea, na sitamruhusu mtu amcheke.

Ndaga, Mama Sekela. Ndaga, asante kwa yote. Tumeachana hapa.

Kesho narudi kazini.