Fidia ya Mkono wa Otilia

Baba Otilia,

Sikusalimu, maana salamu ni kumtakia mtu heri, nami heri ya kukutakia sina. Barua hii nimempa katekista wa huko Matiri bila bahasha, na nimemwomba akusomee mbele ya wazee walewale waliokusikia siku ile barazani. Atakayetaka kuisoma njiani, aisome.

Ujumbe wako niliupata kwenye simu. "Mama Otilia, shetani alinipitia. Mtoto ni wetu sote, naomba nije Lituhi tuzungumze." Nilikuwa naanika dagaa wa usipa. Nikacheka mpaka dada akatoka ndani kuniuliza kuna nini.

Nakumbuka ulivyokuja Lituhi mara ya kwanza, kijana wa milimani, umeleta maharage na unatafuta samaki wa kwenda kuuza Mbinga. Uliogopa ziwa. Ulisimama mbali na maji kama mbuzi, kaka zangu wakakucheka, nawe ukacheka nao. Nilikupendea hapo, kwa sababu hukuona aibu kuogopa. Baba yangu akasema watu wenu, Wamatengo, ni wachapakazi hata kama ni Wakatoliki, basi nikabadili kanisa, nikapanda mlima nawe. Nikajifunza kulima ngolo, yale mashimo yenu ya miteremkoni, mpaka mama yako akanisifu kwa jirani.

Otilia alipozaliwa, wewe ndiye uliyempa jina la bibi yako. Alipougua malaria ulimfunga mgongoni, mvua inanyesha, ukateremka naye hadi zahanati. Mwanamume mmoja akakucheka njiani, ukamjibu, "Mgongo wangu, mtoto wangu." Ulimfundisha kuchuma kahawa: nyekundu chuma, ya kijani iache. Nayasema haya ili wasikie kwamba uliwahi kuwa baba. Ungekuwa mnyama tangu mwanzo, ningeumia hivi? Nadhani nisingeumia kabisa.

Jumamosi ile tulikwenda sote watatu mashineni kusaga mahindi. Mkanda wa mashine ulikuwa wazi. Kikinga chake kilikuwa kimeegeshwa ukutani tangu masika, kwa kuwa mwenye mashine alichoka kukifungua kila mkanda ulipochomoka. Wote tulikiona. Hata mimi nilikiona nikanyamaza, na hilo nitalijibu mwenyewe mbele ya Mungu. Gunia letu tupu likaangukia nyuma, ukamwambia mtoto wa miaka tisa, "Pita hapo, wewe mwembamba." Akapita kwa sababu wewe ndiye uliyemtuma. Khanga aliyojifunga begani ikashikwa na mkanda, mkono ukafuata khanga.

Hospitalini walimkata juu ya kiwiko, mkono wa kulia, wa kuandikia. Alipozinduka aliniuliza kama gunia limepatikana.

Ulilia siku ile. Uligaagaa chini mbele ya wauguzi, nami nikakuokota, nikakufuta pua kwa kitenge changu. PF3, ile fomu ya polisi ya kuthibitisha jeraha, ukasema utaitunza wewe, baba wa mtoto. Nikakupa. Nilipokwenda barazani kumdai mwenye mashine fidia ya mtoto, PF3 ilitoka kwenye mfuko wa koti la mwenye mashine huyohuyo, imekunjwa vizuri. Nilikutazama, nikadhani utashangaa kama mimi.

Mwenyekiti akakuuliza ilikuwaje. Ukasimama ukavua kofia, ukasema, "Mtoto huyu ni mtundu tangu zamani. Nilimkataza asisogelee mkanda, akanishinda."

Otilia alikuwa amekaa kwenye benchi, kati yako na mimi. Akasema, "Baba?" Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Hukumgeukia. Wakaleta karatasi iliyoandikwa kwamba baba mzazi ameridhika, hana madai yoyote, ukaweka dole gumba mbele ya macho yake. Jumatatu ukaanza kazi kwenye mashine ileile. Wanawake wa Matiri waliniambia unafagia vizuri, na kwamba siku hizi kikinga kimerudishwa mahali pake.

Shetani unayemsingizia hakuwa na dole gumba siku ile.

Nikateremka na mtoto kurudi Lituhi. Mahakama ya mwanzo ilinikatalia. Hakimu alisema baba ameshamaliza shauri, nami nisiwasumbue watu. Nilitoka nje nikashika njia ya kurudi nyumbani. Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenifuata, akaniambia, "Mama, usirudi ziwani. Kata rufaa." Nikakata. Mara nne nilipanda Mbinga na Otilia, na kila mara alilazimika kuvua sweta mbele ya watu wasiomjua ili waone palipobaki. Mara ya mwisho hakimu wa wilaya alimuuliza nani alimwambia apite nyuma ya mashine. Akajibu, "Sitaki kumsema." Ukumbi mzima ukakutazama wewe, nawe ukainamia viatu vyako.

Hakimu akasema haki ya mtoto haiuzwi na mzazi. Mwenye mashine akaamriwa kulipa, akaiuza mashine ili alipe, nawe ukabaki huna kazi. Ndipo ukakumbuka kwamba mtoto ni wetu sote.

Basi sikia. Fidia iko benki kwa jina la Otilia, na hata mimi siwezi kuigusa mpaka awe mtu mzima. Kama hiyo ndiyo iliyokupandishia hamu ya kumwona binti yako, kaa hukohuko. Nilipoondoka nilikuombea uishi miaka mingi, uwe na afya njema na kumbukumbu nzuri, usije ukalisahau benchi lile. Bado nakuombea hivyo kila Jumapili.

Lakini ujumbe haukuwa wangu peke yangu, kwa hiyo nilimsomea Otilia mwenyewe. Alikuwa anaparua magamba ya mbasa. Humkandamiza samaki kwa kisigino juu ya jiwe, kisu mkono wa kushoto, na sasa ananishinda hata mimi kwa kasi. Hakuinua kichwa. Akamaliza upande mmoja, akamgeuza samaki, akasema:

"Aje siku ya ibada, watu wakiwepo. Asimame mbele aseme nani alinituma. Akishasema, nitamwamkia."

Nikamuuliza, "Na asiposema?"

"Nami sitamgeukia, kama ambavyo yeye hakunigeukia kwenye benchi."

Nimeandika kama alivyotamka, sikuongeza wala kupunguza. Mimi ningekuandikia neno moja tu, usije. Ila mkono ulikuwa wake.

Mama yake Otilia,
Lituhi