MAELEZO KUHUSU MAJI YALIYOSHUKA KUTOKA BAFU LA GHOROFA YA PILI

Shahidi: mwanamume, umri miaka 81. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: nyumbani kwa mwanawe, ghorofa ya pili.

Mimi ni mgonjwa wa figo, na daktari hakunificha kwamba siku zangu zinahesabika. Nimekuja kwa hiari, akili zangu zikiwa timamu.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, asubuhi, fundi wa vigae tunayemwita Taratibu alikuja kubadilisha silikoni ya bafuni, ile gundi ya kuziba ufa kati ya sakafu na ukuta, iliyokuwa imeota ukungu mweusi. Aliitazama, akasema bustani imestawi, bado mbolea tu. Aliikwangua yote kwa wembe. Chini yake kulikuwa na maji, kwa hiyo akasema hatatia mpya siku hiyo; ufa ulale wazi ukauke, yeye atarudi kesho. Akabandika utepe kwenye mlango wa bafu, akatuambia mimi na mkwe wangu, mke wa mwanangu: "Mzee, mkifungua maji leo, jirani wa chini ataoga bila kupenda." Tukacheka sote.

Yapata saa tisa alasiri mkwe wangu alitoka kwenda dukani. Nilikuwa nimelala. Niliamka nikiwa nimejichafua. Afande, yule ananiita Baba. Hajapata kuniona hata bila shati. Ndoo siwezi kuinyanyua. Nikabandua utepe, nikafungua bomba la mvua, nikaoga na kufua shuka huku nimetega sikio mlangoni. Maji hayakutuama hata kidogo. Nilishukuru kwamba yanaondoka upesi. Nikaubandika utepe tena, shuka nikaificha mbichi chini ya godoro.

Saa kumi na moja nilisikia kishindo chini. Mshonaji wa ghorofa ya kwanza alikuwa amewasha taa, na maji yalikwisha kuingia kwenye swichi. Umeme ukamrusha. Hadi leo hajazinduka.

Polisi walipofika, mkwe wangu alinigeukia: "Baba, kuna aliyeoga?" Nikasema hakuna. Naye akawaambia hivyo hivyo. Taratibu akaitwa, akakamatwa kwa madai ya kutoboa bomba. Akipita na pingu mbele ya bafu, aliuangalia utepe uliokunjamana, kisha akaniangalia mimi.

Jana mkwe wangu alinitandikia shuka ile ile, imefuliwa upya na kupigwa pasi. Hakuuliza, nami sikusema. Tumesitiriana, afande, na anayelala ndani ni fundi. Nimekuja mapema ili mkwe wangu asilazimike kusimama mbele yenu kueleza habari za shuka ya baba mkwe wake.

Haya ndiyo niliyoyatenda kwa mkono wangu. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mwenyewe, saa nne asubuhi. Shahidi aliomba mkwewe, aliyemshika mkono hadi kituoni, akae nje. Mlango haukufungika vizuri. Baada ya sahihi mkwe aliingia, akasema: "Baba, kaa. Afande, sasa andika maelezo yangu."