Ndoo Yangu ya Mtowisa

Jumapili, 2 Machi
Nimetoka misa, nimewapa samaki pumba. Wanagombana kama wajukuu zangu. Ua nililolitoa Mtowisa kwa mdogo wangu limeshika. Nililibeba kwenye ndoo na maji yake, lisife njiani. Sasa linaelea bwawani, zambarau tupu. Mtaa mzima wa Izia hakuna bwawa kama langu. Mama Festo jirani kaomba, nimempa kipande. Na yeye apendeze kidogo.

Jumatano, 26 Machi
Ua limefunika nusu ya bwawa. Wala sikulibembeleza. Ijumaa ya wiki ijayo jumuiya wanasali kwangu. Nimeshajitapa: Kwaresima hii watakula perege wangu, si dagaa.

Jumamosi, 29 Machi
Samaki wako juu, midomo wazi, wanahema. Wanne wamekufa. Nimemgombeza muuza pumba. Modesta, mjukuu wangu, kaja likizo. Kaajiriwa bandarini Dar, anapima maji ya meli. Kazi ya kivivu, nilidhani. Kaona bwawa, shikamoo hajaimaliza: "Bibi, nani kakuletea gugumaji? Ua hili linawanyima samaki hewa."

Jumapili, 30 Machi
Kanieleza. Meli ikishusha mzigo inakuwa nyepesi, inayumba. Basi inajaza maji ya bahari tumboni. Ikifika nchi nyingine kupakia, inayamwaga, na vilivyomo: konokono, kaa wadogo, hata vijidudu vya kipindupindu. Wageni hao hawana wa kuwala. Wanazaana, wanawamaliza wenyeji. Siku hizi meli zinatakiwa kuyasafisha kwanza. Nikasema manahodha hao hawana akili, maji ya kwa watu unayamwagaje kwa watu wengine?
Modesta kaitazama ndoo yangu.
"Bibi, na wewe ni meli."
Nimenuna mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 31 Machi
Tumeng'oa lote. Tope hadi mapajani. Tumelianika mbali na maji, likauke tulichome. Samaki wamezama tena, wanakula. Kimebaki kipande cha Mama Festo. Bwawa lake linamwagikia mtoni. Niende kumwambia nilimpa balaa? Mimi?

Jumanne, 1 Aprili
Nimekwenda, na jembe. Nikasema: lile ua baya, kosa langu, nakuja kung'oa. Mama Festo kacheka mpaka khanga ikamdondoka. "Mwenzangu, niliwatupia mbuzi siku ileile, wakalila lote. Wewe lini umenipa kitu kizuri?" Nimetukanwa, nimefurahi.

Ijumaa, 4 Aprili
Jumuiya wameshiba. Mama Festo kala watatu. Mdogo wangu kapiga simu kuulizia ua. Nimemwambia ang'oe lake. Kanuna. Damu yetu.
Ndoo nimeiosha, nimeifudikiza juani. Imekauka.