Picha za Mgongo wa Makena

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu asubuhi, baridi kali. Makena, mtoto wa farasi wa wiki tano, joto 39.9. Jana 39.7. Ananyonya kidogo. Mgongo mgumu kama ubao. Nilibonyeza nyuma ya mabega, akarusha teke. Nimeandika yote katika kitabu cha zizi.
"Andika pia ameniangalia vibaya, Madam Kitabu," alisema Mutwiri, mwenzangu wa kazi. Nilicheka.

Jumatano, 5 Machi
Jua. Daktari wa mifugo amefika kutoka Embu na mashine yake ya eksirei. Tulimshika Makena. Picha safi. Daktari alisema ugonjwa wa mfupa huchelewa kuonekana. Sindano anazodungwa za homa ziendelee, apumzike, picha irudiwe baada ya wiki mbili.
Meneja alisikia neno safi tu.
"Ni uvivu. Atembezwe. Farasi asiyekimbia hatumlishi hapa."

Jumamosi, 8 Machi
Mawingu. Mutwiri alivuta kamba, mimi nilisukuma. Makena akagoma. Meneja alinipa fimbo. Nilipiga mara nne. Alilia. Nilimchukia kwa kulia.

Jumatano, 19 Machi
Mvua tangu alfajiri. Miguu ya nyuma inaburutika. Daktari amerudi, amepiga picha tena.
Hata mimi niliona. Pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa kingo, kama mahindi yaliyoingiwa na wadudu. Daktari anasema usaha unabana neva. Hatasimama tena.
"Mara nyingi vijidudu huingilia kitovuni. Kilipakwa dawa alipozaliwa?" daktari aliuliza.
Meneja alifungua kitabu. Iodini, mara tatu. Mwandiko wangu.
Iodini ilikuwa imeisha. Nilifanya tunavyofanyia ndama kwetu Nkubu: nikafunga kitovu kwa uzi, nikapaka jivu la jikoni. Kitabuni nafasi ilidai iodini. Nikajaza iodini. Sipendi nafasi tupu.
Daktari alisema chupa ya iodini aliyoiona stoo haijafunguliwa, na risiti yake ni ya wiki mbili baada ya Makena kuzaliwa.
"Nani alimzalisha mama yake?" meneja aliuliza.
Nilikuwa peke yangu siku ile. Mutwiri alikuwa amelala.
"Mutwiri," nilisema. "Mimi niliandika alivyoniambia."
Ni rahisi. Kitabu cha zamu zote huandikwa na mimi.
Mutwiri hakupiga kelele.
"Andika na hiyo, Madam Kitabu."

Ijumaa, 21 Machi
Mbingu nyeupe, hakuna upepo. Jana saa nne asubuhi daktari alimdunga Makena sindano ya mwisho. Nilishika kichwa. Kilikuwa chepesi. Mama yake aliita mpaka adhuhuri, kisha akala.
Mutwiri aliondoka na begi moja. Ana watoto watatu Kaaga, wote shuleni.
Nilifunga ukurasa wa Makena kwa mstari mwekundu. Neno iodini sikuligusa.
Nililala saa tatu kasoro robo.