Ngumi Zilizopotea kwenye Kibodi

Mtaa wa Najma, ughaibuni, Ijumaa, Machi 2011

Huyu Salum tunayeishi naye chumba kimoja ana kichwa, lazima niandike. Meza ya gemu aliiunda mwenyewe: vitufe vikubwa juu ya mbao, na chini yake nyaya za kibodi kuukuu ya kompyuta.

Hapa chumbani anayeshindwa Ijumaa ndiye anayeosha masufuria ya pilau. Mwezi mzima nimeosha mimi. Nilikuwa nabonyeza ngumi, mtu wangu kwenye skrini anasimama tu. Nikamwita Otieno, mpinzani wangu, mwizi. Tukanuniana wiki nzima, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini.

Leo Otieno aliporudi kutoka kanisani Mesaimeer, maana huku siku ya mapumziko na ibada ni Ijumaa, Salum alituita wote wawili. Akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta.

"Otieno, bonyeza vitufe vyako vitatu, usiachie. Haya, na wewe piga."

Nikapiga. Herufi yangu haikutokea. Otieno alipoachia, nikapiga tena, ikatokea.

"Vikibonyezwa vingi kwa pamoja, kibodi moja inashindwa kuvisoma vyote," Salum akasema. "Mmegombana bure."

"Si nilikwambia, buda," Otieno akasema bila kuniangalia.

Salum akaleta kibodi ya pili, akahamishia nyaya zangu huko. Sijui alijifunzia wapi. Mimi ningeitupa meza yote, na rafiki juu yake.

Tukacheza. Kila ngumi yangu ilifika. Otieno akanishinda raundi zote.

Nikaenda kuosha masufuria. Baadaye kidogo Otieno akaja, akakunja mikono ya shati lake la kanisani, akaanza kusuuza.